Kidonge Kinachoishinda Sindano

Watu wa Newala na Masasi walijifunza kuiamini sindano kwa sababu nzuri kabisa. Kati ya vita viwili vya dunia, buba ilikuwa imeenea sehemu kubwa ya Tanganyika. Watoto walitoka vidonda vya majimaji mwili mzima, watu wazima wakapasuka nyayo hata kutembea shambani kukawa adhabu, na wengine mifupa yao ilipinda wakabaki hivyo. Serikali ya kikoloni na misheni zikaja na sindano za aseniki na bismathi. Kidonda kilichokaa miezi kikaanza kukauka ndani ya siku chache, mbele ya macho ya kijiji kizima. Hakuna mahubiri yaliyoweza kushindana na ushahidi wa namna hiyo, na wamisionari wenyewe walilitambua hilo. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika makala mwaka 1981 kuhusu tiba ya misheni kusini mashariki mwa Tanzania, na Masasi ya UMCA, misheni ya Kianglikana, ndiyo iliyokuwa kiini cha maelezo yake.

Mwaka 1935 daktari Mwingereza, Leader Stirling, alifika Lulindi, chini ya uwanda wa Makonde, akafanya upasuaji katika majengo ya udongo na nyasi. Miaka arobaini baadaye Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya. Katika kipindi hicho hicho penisilini ilichukua nafasi ya bismathi, na kampeni za Shirika la Afya Duniani za miaka ya 1950 zikaitibu buba kwa sindano moja tu ya tako. Wazee wa leo ni watoto waliochomwa wakati huo, au ni wajukuu wa watu waliochomwa.

Jambo ambalo halijawafikia wengi ni hili. Mwezi Januari 2012 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Oriol Mitjà na wenzake uliofanyika Papua New Guinea, ulioonyesha kwamba dozi moja ya azithromaisini ya kumeza inaiponya buba sawasawa na sindano ya penisilini. Shirika la Afya Duniani likabadili mkakati wake mwaka huohuo. Ugonjwa uliowafundisha watu kuiheshimu sindano sasa unatibiwa kwa mdomo.

Imani ile, hata hivyo, haikuondoka na buba. Mgonjwa anayeingia zahanati akatoka na vidonge peke yake huhisi kapuuzwa. Muuguzi naye anajua kwamba mgonjwa aliyechomwa hurudi nyumbani akimsifu. Kwa magonjwa mengi mazoea haya hugharimu bomba la sindano na maumivu ya tako, basi. Kwa mtu mzima aliyeshikwa ghafla na maumivu ya kifua yanaweza kugharimu maisha. Mhadhara huu unahusu dakika za kwanza za mgonjwa huyo, na swali ambalo muuguzi hulijibu kwa mikono kabla ya kulijibu kwa mdomo: dawa ipite wapi?

Mfano wa kawaida ni mkulima wa korosho wa miaka 58, mwezi Novemba, minada imepamba moto. Ameletwa na bodaboda. Jasho linamtoka, na si jasho la jua. Kiganja kimelala katikati ya kifua. Anasema ni kama gunia la korosho limewekwa pale, na maumivu yanapanda hadi kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto. Mwenzake atalalamika kwamba chembe ya moyo inamchoma, na kichefuchefu juu yake. Mwanamke au mgonjwa wa kisukari anaweza asiseme lolote kuhusu kifua, akalalamikia uchovu na pumzi kukata. Wote hawa wako kwenye hatari ya kuandikiwa vidonda vya tumbo.

Hatari hiyo imepimwa hapahapa nchini. Watafiti wakiongozwa na Julian Hertz waliwafuatilia watu wazima 681 waliofika idara ya dharura mjini Moshi wakiwa na maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Waliwapima wote kwa kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha troponini cha damu. Wagonjwa 152 walikutwa na shambulio la moyo. Katika huduma ya kawaida, madaktari walikuwa wamewatambua wachache sana. Waliobaki waliandikiwa presha, moyo kushindwa kazi na mengineyo. Ndani ya siku thelathini, zaidi ya 40 katika kila 100 ya wenye shambulio walikuwa wamefariki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na yanatoka kwenye hospitali kubwa ya rufaa, si zahanati ya kijijini juu ya uwanda.

Kwa hiyo kipimo cha umeme wa moyo ndani ya dakika kumi za kwanza ni lazima pale mashine ilipo. Pale isipokuwapo, dalili zenyewe zinatosha kuanzisha hatua ya kwanza. Na hatua hiyo ya kwanza haina sindano.

Turudi kwa mkulima wetu. Ndugu waliomleta wanasema, "Mchome sindano ya maumivu, nesi." Kwenye kabati kuna diklofenaki, na mkono wa muuguzi unaijua njia ya kuelekea huko. Kuna sababu tatu za kuuzuia mkono huo, na kila moja inajitosheleza.

Ya kwanza iko kwenye msuli. Dawa inayochomwa takoni haisafiri yenyewe. Inakaa kwenye nyama ikingoja damu ipite iichukue. Moyo unaposhindwa kusukuma, mwili huiondoa damu kwenye ngozi na misuli ili uulinde ubongo na moyo wenyewe. Ndiyo maana mikono ya mgonjwa ni ya baridi na ngozi imepauka. Dawa inabaki palepale ilipochomwa. Henry Beecher, daktari Mmarekani aliyehudumu na jeshi la nchi yake Italia katika Vita vya Pili vya Dunia, aliandika mwaka 1944 kuhusu majeruhi waliochomwa mofini chini ya ngozi, ambako dawa hungoja damu kama msulini, wakiwa wamepoa na kupoteza damu. Maumivu hayakutulia, wakachomwa tena, na pengine tena. Walipopashwa joto na kuongezewa damu, dozi zote zikaingia mwilini kwa mkupuo, wakapata sumu ya mofini. Anayeongeza dozi ya msuli kwa sababu "ya kwanza haijafanya kazi" ajue kwamba ya kwanza ingali njiani.

Sababu ya pili ni kinachokuja baadaye. Huenda mgonjwa huyu, saa tatu baadaye, akapewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa moyo. Dawa hiyo haichagui bonge. Kila tundu la sindano kwenye msuli mnene ni mahali damu inapoweza kuvujia na kujikusanya ndani kwa ndani, mahali ambapo muuguzi hawezi kupaona wala kupakandamiza. Sindano ya tako iliyochomwa kwa nia njema kijijini inampa daktari wa hospitali sababu ya kusita.

Ya tatu ni diklofenaki yenyewe. Kundi lake la dawa za maumivu humwongezea hatari mtu ambaye moyo wake umeshambuliwa, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilizuia diklofenaki kwa watu wenye ugonjwa wa moyo uliothibitika. Hapa hata njia ingekuwa sahihi, dawa isingekuwa sahihi.

Kilicho sahihi kinauzwa katika karibu kila duka la dawa la Newala, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba watu hawaamini. Ni aspirini, miligramu 300, ya kutafuna. Kama zilizopo ni zile ndogo za miligramu 75, ni vidonge vinne. Kutafuna ndiko hasa kunakoleta tofauti. Mark Feldman na Byron Cryer walipima mwaka 1999 muda ambao aspirini hutumia kupunguza kwa nusu thromboksani, kemikali inayozifanya chembe za kugandisha damu zishikane. Iliyotafunwa ilichukua dakika 5. Iliyomezwa nzima, dakika 12. Aspirini yenye utando wa kulinda tumbo ni ya polepole zaidi ikimezwa, kwa kuwa utando umetengenezwa makusudi usiyeyuke tumboni. Nayo itafunwe hadi isagike. Mgonjwa atakunja uso kwa uchachu. Amezee mate.

Hapo uwanda wa Makonde una hoja yake. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, alishangaa kuona watu wamejenga makazi mbali namna ile na maji. Mradi wa maji wa Makonde ulianza enzi za Mwingereza, miaka ya 1950, na mpaka leo hadithi ya maji Newala ni hadithi ya kupandisha maji kwa pampu kutoka mabondeni na kuyangoja bombani. Zahanati isiyo na maji safi ya kunywa saa tisa za usiku si jambo la kubuni. Aspirini ya kutafuna haihitaji hata kikombe.

Ushahidi wake ni miongoni mwa mikubwa kabisa katika historia ya tiba ya moyo. Utafiti ulioitwa ISIS-2, uliochapishwa Agosti 1988, ulihusisha wagonjwa 17,187 katika hospitali 417. Walioanzishiwa aspirini walipungukiwa vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 ndani ya wiki tano. Waliopewa streptokinasi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kwa mshipa, asilimia 25. Waliopata vyote viwili, asilimia 42. Kidonge kikakaribia kulingana na dripu ya gharama kubwa, na viwili vikasaidiana badala ya kugombana.

(Utafiti huohuo una kichekesho kinachostahili kusimuliwa mahali ambapo watu wangali wakienda kutazamiwa nyota. Wahariri wa Lancet waliwabana watafiti waoneshe ni makundi gani ya wagonjwa aspirini iliwafaa zaidi. Watafiti, wakijua kwamba kuwakatakata wagonjwa katika makundi madogo huzaa majibu ya bahati nasibu, walikubali kwa sharti la kuwagawa pia kwa nyota za kuzaliwa. Ikaonekana kwamba waliozaliwa chini ya nyota ya Mapacha na ya Mizani hawakufaidika. Jedwali hilo lilichapishwa ili kuwafunga mdomo wapenda makundi.)

Kabla ya aspirini muuguzi anauliza mambo machache na kwa haraka: umewahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa aspirini? Unatapika damu, au choo ni cheusi? Maumivu yalianza kama kitu kinachochana kuelekea mgongoni? Swali la mwisho linatafuta mshipa mkuu wa damu uliochanika ukuta wake. Presha ya mkono wa kulia ikitofautiana sana na ya kushoto, aspirini isubiri kauli ya daktari, na dawa ya kuyeyusha damu isitajwe kabisa. Anayetapika kila kitu hana faida ya kutafuna. Aspirini ya kuwekwa njia ya haja kubwa ipo duniani, ila katika ngazi ya zahanati ni adimu, na kwa mgonjwa huyo cha maana zaidi ni kumwahisha.

Njia ya pili ni chini ya ulimi, na hapa hadithi inaanzia kwenye baruti. Nitrogliserini ndiyo iliyompa Alfred Nobel utajiri wa baruti za migodini. Mwaka 1879 daktari William Murrell wa London alionyesha katika Lancet kwamba kiasi kidogo mno cha dutu hiyo hutuliza maumivu ya moyo. Nobel mwenyewe, moyo ulipoanza kumsumbua miaka ya 1890, aliandikiwa nitrogliserini na madaktari wake, na katika barua ya 1896 aliandika kwa mshangao juu ya kejeli hiyo ya majaliwa. Alifariki Desemba mwaka huo.

Kwa nini ulimi? Kila kinachomezwa hupitia ini kabla ya kuufikia mwili mzima, na ini huibomoa nitrogliserini karibu yote. Mishipa ya chini ya ulimi ni myembamba, iko juujuu, na damu yake haipiti kwenye ini kwanza. Kidonge cha miligramu nusu huanza kazi ndani ya dakika moja hadi tatu. Kama maumivu yapo bado, hurudiwa kila baada ya dakika tano, na vidonge vyote visizidi vitatu. Mgonjwa awe ameketi, kwa kuwa presha hushuka na aliyesimama ataanguka. Mdomo ukiwa mkavu, kidonge hakiyeyuki. Tone la maji linatosha. Akikimeza kwa kuzoea vidonge vingine, ihesabike kwamba hakukipata.

Dawa hii pia ina tabia ambayo famasia za nchi za joto hazina budi kuiheshimu. Nitrogliserini hupaa. Vidonge vinataka chupa ya kioo cheusi iliyofungwa vizuri, bila pamba ndani, na chupa iliyofunguliwa haitegemewi baada ya wiki nane. Vikihamishiwa kwenye kibahasha cha plastiki, kama vidonge vingi vinavyotolewa madirishani, vinabaki na umbo la dawa na kupoteza dawa. Isosorbaidi dinitreti ya chini ya ulimi ni mstahimilivu kuliko hiyo, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, dawa hizi mbili, ziitwazo nitreti, hazitolewi. Shambulio likiwa limeugusa upande wa kulia wa moyo, hazitolewi pia, kwa sababu upande huo unaishi kwa damu inayorudi, na dawa hizi huipunguza. Kuna kizuizi cha tatu, na swali lake ndilo linalowashinda wauguzi vijana.

Msimu wa minada huleta fedha, na fedha huleta wateja kwenye maduka ya dawa. Aliyetumia dawa ya nguvu za kiume, sildenafili ndani ya saa 24 au tadalafili ndani ya saa 48, akawekewa nitreti chini ya ulimi, presha yake inaweza kuporomoka isirudi. Sasa muuguzi wa miaka 24 anamuulizaje mzee wa rika la babu yake, na mtoto wa kiume wa mzee amesimama pembeni? Akiulizwa hivyo hivyo, jibu litakuwa hapana, liwe la kweli lisiwe la kweli. Muuguzi mzoefu humtuma kijana nje akaandikishe jina dirishani, kisha huinama.

"Babu, naomba nikuulize jambo, na usinielewe vibaya. Wanaume wote wenye tatizo hili nawauliza. Tangu juzi umetumia dawa yoyote ya nguvu?"

"Nguvu zipi, mwanangu?"

"Za nyumbani, babu. Ya dukani au ya mizizi, yoyote ile. Ninayotaka kukupa ikikutana nayo, presha itaanguka."

Mzee hutazama mlango kwanza. Kisha husema. Mizizi imetajwa kwa makusudi: katika nchi mbalimbali dawa za kuongeza nguvu zinazouzwa kama mitishamba mitupu zimekutwa zimechanganywa na sildenafili, na mnunuzi hajui. Maneno ni machache, ya heshima, yametaja sababu, na hayajamhukumu mtu. Somo hilo halimo katika jedwali la dozi.

Ulimi nao una watu wanaoutumia vibaya. Kwa miaka mingi, duniani kote, mgonjwa wa presha ya juu sana alipasuliwa kidonge laini cha nifedipini akawekewa chini ya ulimi. Presha ilishuka kwa kasi ya kupendeza kwenye karatasi, na baadhi ya wagonjwa wakapata kiharusi au shambulio la moyo. Mwaka 1996 Ehud Grossman, Franz Messerli na wenzao waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani wakitaka mtindo huo usimamishwe. Tena dawa yenyewe haikuwa ikipenya chini ya ulimi kwa kiasi cha maana. Wagonjwa walikuwa wakiimeza na mate. Palipo na mgonjwa wa kifua mwenye presha 190, kishawishi hicho hurudi.

Mshipa ndiyo njia ya tatu, na hapa sindano inapata heshima yake. Kanula nene ya kutosha, namba 18 ikiwezekana, iwekwe mapema kwenye mkono kabla mishipa haijanywea. Hiyo si kwa ajili ya kumjaza dripu. Chupa za maji kwa mgonjwa ambaye moyo umeshindwa kusukuma huishia kwenye mapafu. Kanula ni mlango ulioachwa wazi. Mofini, pale ilipo na mwenye mamlaka ya kuiandika, hupitia hapo kidogokidogo, miligramu 2 hadi 4 kwa mara moja, huku pumzi zikihesabiwa. Haiandikwi kwa mazoea, kwa sababu mofini hulichelewesha tumbo kumwaga kilichomo, na hivyo huchelewesha klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, aliyoimeza dakika kumi kabla. Njia moja inaweza kuiziba nyingine.

Kasi ya mshipa pia si sifa kwa kila dawa. Metoprololi hupunguza kazi ya moyo, na wengi waliamini kwamba kuichoma mapema mshipani kungeokoa watu. Utafiti wa COMMIT uliofanyika China, uliochapishwa 2005 ukiwa na wagonjwa 45,852, ulionyesha kwamba mashambulio ya kurudia yalipungua, lakini walioishiwa nguvu za moyo wakaongezeka, na hesabu ya vifo ikabaki ileile. Kwa mgonjwa wa kawaida, kidonge cha kumeza siku inayofuata, presha ikiwa imetulia, ndicho kilichobaki. Oksijeni nayo imepunguziwa cheo: utafiti wa DETO2X wa Sweden, 2017, uliohusisha wagonjwa 6,629, haukuona faida kwa wale ambao oksijeni ya damu ilikuwa asilimia 90 au zaidi. Mtungi ubaki kwa anayeuhitaji.

Chini ya ngozi ya tumbo hupita inoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mahali ilipochomwa hapasuguliwi. Hayo yanatosha kuihusu.

Kisha kuna dawa ya kuyeyusha bonge. Kanuni ya kimataifa ni kwamba mgonjwa ambaye kipimo chake kinaonyesha mshipa umeziba kabisa, na ambaye hawezi kufikishwa kwenye chumba cha kuzibua mishipa kwa mrija ndani ya dakika 120, ayeyushiwe bonge kwa dawa, mradi saa 12 hazijapita na hana kizuizi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa 2015, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Dakika 120 kutoka Newala hazifiki huko kwa gari lolote. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, basi, mgonjwa wa uwanda wa Makonde ni wa kuyeyushiwa, na hospitali zinazompokea, Mkomaindo ya Masasi, St. Benedict ya Ndanda, Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, ndizo za kuulizwa kwa simu kabla gari halijaondoka: dawa ipo leo? Streptokinasi hupita kwenye dripu kwa dakika 30 hadi 60, hushusha presha, na aliyewahi kuipata hairudii kwa kuwa mwili hujenga kinga dhidi yake. Tenekteplasi ni ya kusukuma mara moja kwa sekunde chache, ni nyepesi kwa muuguzi, na bei yake ni kizingiti.

Yote hayo ni ya mgonjwa ambaye moyo wake bado unapiga. Julai 2020 Benjamin Mkapa, Rais wa awamu ya tatu, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, alifariki Dar es Salaam. Familia yake ilieleza hadharani kwamba moyo ulisimama. Alizikwa Lupaso, na kwa wiki kadhaa watu wa Masasi na Newala walizungumzia "mshtuko wa moyo" kwenye vijiwe vya kahawa, wakichanganya mambo mawili. Shambulio ni mshipa kuziba. Mgonjwa anaongea, anatoka jasho, anaweza kutafuna. Kusimama ni moyo kuacha kusukuma. Mgonjwa hajibu na hapumui sawasawa. Chanzo cha kusimama kinaweza kuwa shambulio, na kinaweza kuwa kingine kabisa.

Kwa aliyesimama moyo, mdomo na ulimi vimefungwa kama njia, na msuli umefungwa zaidi. Mikono inakandamiza kifua kwanza, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mashine ya kushtua moyo hutumika mara ikipatikana. Adrenalini miligramu 1 hupitia kwenye kanula ile iliyowekwa mapema, kila dakika tatu hadi tano, ikifuatiwa na mililita 20 za maji ya chumvi na mkono kuinuliwa, la sivyo dawa inaishia kwenye kiwiko. Mshipa usipopatikana, sindano ya mfupa wa ugoko ndiyo mbadala. Ile ya kuchoma moyoni moja kwa moja imebaki kwenye filamu.

Mafunzo ya haya yote yapo. Muhimbili ilifungua idara yake ya kisasa ya dharura Januari 2010. Kozi ya msingi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2018 baada ya kujaribiwa Tanzania pamoja na nchi jirani, inaiweka aspirini mikononi mwa mhudumu wa ngazi ya kwanza. Newala ina chuo chake cha uuguzi. Kinachosumbua ni barabara na karatasi. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ni kilomita 210, na kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ndicho kilichotangulia kupata lami.

Kuhusu karatasi, barua nyingi za rufaa huandikwa "amepewa dawa ya maumivu na aspirini". Anayempokea mgonjwa Masasi usiku hajui kama aspirini ilitafunwa au ilimezwa, kwa hiyo hajui kama airudie. Hajui kama dawa ya maumivu ilipita msulini, kwa hiyo hajui ni tako gani la kuangalia uvimbe kabla ya kufungua streptokinasi. Hajui nitreti ya mwisho ilikuwa saa ngapi, wala presha ilikuwaje baada yake. Mistari minne inatosha, ya dawa ikiwa na kiasi, njia na saa: aspirini miligramu 300, imetafunwa, saa 9:10 usiku; isosorbaidi miligramu 5, chini ya ulimi, saa 9:15, presha baada yake 118 kwa 70; kanula namba 18, mkono wa kushoto, saa 9:20; hakuna sindano ya msuli iliyotolewa. Mstari wa mwisho ndio ambao daktari wa zamu atautafuta kwanza.